Kumwacha Mzee Avae Shati Mwenyewe

Asubuhi na mapema, katika makao mengi ya wazee nchini Marekani, chumba kimoja huingiwa na watu wawili wenye sare zinazokaribia kufanana. Wa kwanza ni CNA, yaani msaidizi wa wauguzi. Ana wakazi wanane au kumi wa kuwaogesha, kuwavisha na kuwafikisha mezani kabla chai haijapoa, kwa hiyo anamvisha mzee shati kwa upole lakini haraka, kisha anakwenda chumba kinachofuata. Wa pili ni msaidizi wa mtaalamu wa tiba kwa vitendo, yaani occupational therapy assistant. Akifika yeye, anamwekea mzee yuleyule shati mapajani, anavuta kiti kando yake, na anasubiri. Ukiwatazama kutoka mlangoni utadhani mmoja anachapa kazi na mwenzake anapoteza muda.

Huyo anayesubiri amesoma miaka miwili ili ajue lini asubiri na lini aingize mkono. Mwaka 2023, takwimu za serikali ya Marekani ziliweka mshahara wa kati wa kazi yake kwenye dola 67,010 kwa mwaka, maana yake nusu ya wenzake walipata zaidi ya hapo na nusu walipata pungufu. Wa CNA ulikuwa kama dola 38,000. Tofauti hiyo inajulikana vizuri miongoni mwa Waswahili wa ughaibuni, kwa sababu wengi wao walianzia kazi kwenye makao ya wazee: Wakenya wa Minnesota, Massachusetts na Texas, na baada yao Wakongo waliopokewa kama wakimbizi katika miji ya Kentucky, Maine na Iowa. Mtu anayewaogesha wazee usiku kwa miaka mitano hufika mahali akauliza hatua inayofuata ni ipi. Uuguzi ndio jibu linalokuja kwanza. Msaidizi wa tiba hutajwa mara chache, na anapotajwa huelezwa vibaya, kana kwamba ni CNA aliyepandishwa cheo.

Sivyo, na atakayeingia darasani kwa dhana hiyo atapata taabu. Mafunzo haya yanamtaka aliyezoea kufanya kwa niaba ya mgonjwa aache kufanya, na badala yake apime: mgonjwa huyu anaweza nini mwenyewe leo, ni kipande gani cha kazi kinachomshinda, na msaada mdogo kabisa utakaomvusha ni upi. Kwa waliolelewa kwetu, ambako kumwacha mzee ahangaike na kifungo huku wewe umekaa ni utovu wa adabu, jambo hili ni gumu kuliko anatomia.

Taaluma yenyewe ilizaliwa na mtu aliyekuwa mgonjwa. George Edward Barton alikuwa msanifu majengo aliyeugua kifua kikuu, akakatwa sehemu ya mguu, kisha akapooza upande wa kushoto. Alijirudisha katika hali ya kufanya kazi kwa kufanya kazi, bustanini na kwenye karakana, huku akiandika kilichomsaidia na kilichomdhuru. Mnamo Machi 1917 aliwaalika wenzake wachache nyumbani kwake Clifton Springs, jimbo la New York, wakaunda chama cha kwanza cha taaluma hii. Miongoni mwao alikuwa Eleanor Clarke Slagle, aliyekuwa akiwafunza wagonjwa wa akili upya mazoea ya kila siku, kuanzia kuamka na kunawa hadi kula na kushika kazi ya mikono, kwa ratiba isiyoyumba. Wakati huohuo Marekani iliingia Vita Kuu ya Kwanza, na askari waliorudi na viungo vilivyoharibika wakaipa taaluma hiyo changa kazi nyingi kuliko watu wake. Msaidizi alikuja baadaye, mwishoni mwa miaka ya 1950, hospitali za magonjwa ya akili zilipojaa wagonjwa na wataalamu wakawa wachache. Mafunzo ya kwanza yalichukua miezi tu. Leo yanatolewa katika shule zaidi ya 200, nyingi zikiwa vyuo vya jamii, na huishia kwenye shahada ya miaka miwili.

Mpaka kati ya mtaalamu na msaidizi umeandikwa katika sheria za kila jimbo. Mtaalamu, ambaye siku hizi lazima awe na shahada ya uzamili au ya udaktari, ndiye anayempima mgonjwa kwa mara ya kwanza, anayetafsiri vipimo na kuandika mpango wa tiba. Msaidizi anautekeleza mpango huo siku kwa siku. Anachagua namna ya kufundisha, anaongeza ugumu mgonjwa anapopata nguvu, anaona mabadiliko na kuyaripoti, na anaweza kufanya vipimo alivyokabidhiwa. Hawezi kuubadilisha mpango kwa uamuzi wake. Katika makao ya wazee mara nyingi yeye ndiye anayekaa na mgonjwa saa nyingi zaidi, na mtaalamu hutegemea macho yake. Wapo pia wahudumu wa kliniki wanaopanga vifaa na kusukuma viti vya magurudumu. Hao hawana leseni, na mshahara wao unakaribia ule wa CNA. Anayesoma tangazo la kazi aiangalie tofauti hii kwa makini, maana majina ya kazi hizo mbili yanafanana.

Kiini cha masomo ni kuchanganua shughuli. Mwanafunzi hupewa tendo la kawaida kabisa, kama kupiga mswaki, akatakiwa kulikata vipande mpaka vionekane vyote: misuli inayohusika, pembe za viungo, hisia za ngozi, macho, kumbukumbu, mpangilio, subira, hatari. Vitabu vya Kimarekani hutumia mifano ya Kimarekani. Mimi nitachukua ugali, ambao Wakongo wa Kivu huuita bugali.

Kujaza maji kwenye sufuria na kuipeleka jikoni ni kuinua kilo mbili au tatu kwa mikono miwili, huku unatembea bila kumwaga. Kusubiri maji yachemke kunadai mtu akumbuke kwamba amewasha moto. Unga ukianza kutiwa, mkono mmoja unanyunyiza na mwingine unakoroga, kila mmoja na mwendo wake, jambo ambalo ubongo ulioumia hushindwa nalo mapema sana. Kisha ugali unakaza. Hapo mwiko unadai nguvu ya bega, kiwiko na kiganja, na nguvu hiyo inaongezeka kila dakika, wakati mkono wa pili unaishika sufuria isizunguke na mvuke unapanda. Miguu imesimama muda wote huo. Mwisho kuna hukumu isiyo na saa wala kipimo: mpishi anajua umeiva kwa harufu, na kwa namna unavyoachana na sufuria.

Sasa mweke jikoni mama wa miaka 60 aliyepata kiharusi upande wa kulia wa ubongo. Mkono wake wa kushoto ni dhaifu, na mtu asiyesomea atadhani tatizo ni nguvu. Lakini kiharusi cha upande huo huweza pia kumfanya mtu asiutambue upande wake wa kushoto. Macho yanaona, ila ubongo hauujali. Mkono huo huenda hauhisi joto vilevile. Anaweza kuuacha kando ya moto, ukaungua, naye hana habari. Kwa hiyo kabla ya mazoezi ya kukoroga, msaidizi humfundisha kugeuza kichwa na kuutafuta mkono wake kwa macho kila anapoanza hatua mpya, na kuuweka mahali salama. Mgonjwa mwingine mwenye baridi yabisi ya vidole ana akili timamu na hisia zote. Huyo anahitaji mwiko wenye mpini mnene na sufuria pana. Mwenye ugonjwa wa mapafu anahitaji stuli ndefu na kufundishwa kugawa pumzi zake. Kijana aliyeumia kichwa katika ajali ya gari ana misuli ya kutosha, lakini hajui kama unga ameshatia. Atahitaji hatua zilizobandikwa ukutani. Ugali ni uleule, na mipango ni minne.

Kuna kifaa kinachouzwa kwa wagonjwa wenye mkono mmoja unaofanya kazi: fremu inayoganda juu ya jiko na kuubana mpini wa sufuria isizunguke. Ni kifaa kizuri, ila sufuria zetu hazina mpini. Aliyewahi kusonga ugali ataliona hilo papo hapo, na ataanza kufikiri namna nyingine, pengine kuhamishia kazi kwenye chungu chenye masikio mawili, au kupika mgonjwa akiwa ameketi mbele ya jiko dogo lililowekwa chini, kama wengi walivyopika maisha yao yote. Jambo hili ni zito kuliko linavyoonekana. Katika kliniki, mgonjwa hupimwa uwezo wa jikoni kwa kutengeneza mkate wa kuchoma au kahawa ya mashine. Bibi aliyezaliwa Uvira na kufika Louisville akiwa na miaka 58 anaweza kusimama mbele ya mashine hiyo asijue pa kuanzia, na karatasi ikaandika kwamba ana shida ya kupanga hatua. Msaidizi anayejua bugali anaweza kumwambia mtaalamu: mpime kwa kitu anachokijua, ndipo tuseme ubongo wake ukoje. Mpango hatauandika yeye, lakini neno lake litauongoza. Naamini kwa dhati kwamba hapa ndipo msemaji wa Kiswahili anapoingia katika taaluma hii na kitu ambacho shule haiwezi kumpa.

Kuna mambo mengine ambayo shule peke yake ndiyo huyatoa. Kuvaa shati baada ya kupooza upande mmoja kuna utaratibu: mkono uliopooza unaingia kwanza, na wakati wa kuvua unatoka mwisho. Ukigeuza, mgonjwa atanaswa katikati ya nguo na bega lake linaweza kuvutwa likaumia. Bega la mtu aliyepata kiharusi ni legevu. Kumwinua kwa kumshika kwapani, kama jamaa wengi wafanyavyo kwa nia njema, ni kumjeruhi. Aliyewekewa nyonga ya bandia kwa upasuaji wa upande wa nyuma huambiwa kwa wiki kadhaa asiikunje nyonga kupita nyuzi 90, asipishanishe miguu wala asigeuze mguu kwa ndani. Hivyo soksi, jambo dogo hilo, linahitaji kifaa cha kuivalia bila kuinama, na choo kinahitaji kiti cha kukiinua. Mwanafunzi hujifunza kupima pembe za viungo kwa goniomita, kupima nguvu za misuli kwa daraja za 0 hadi 5, kufunga banzi la mkono, na kumhamisha mgonjwa kutoka kitandani hadi kwenye kiti bila kuvunja mgongo wake mwenyewe.

CNA anapojifunza haya hugundua kwamba ana mtaji mkubwa: hamuogopi mgonjwa, harufu hazimshtui, anajua kuhamisha mtu, anajua nyumba za wazee zinavyokwenda. Anachopaswa kukiacha ni kasi. Mgonjwa akikwama kwenye mkono wa pili wa shati, mikono ya CNA inajiendea yenyewe. Wasimamizi wa mafunzo kazini hulirudia hilo kwa wanafunzi waliotoka kwenye uuguzi: kaa, hesabu moyoni, mpe neno kabla ya kumpa mkono, na ukimpa mkono mguse kiwiko tu. Mzee atanung'unika, na akiwa wa kwetu atauliza umelelewa na nani. Msaidizi mwenye heshima humwamkia, humweleza sababu kwa lugha anayoielewa, kisha humwacha aendelee.

Halafu kila kitu huandikwa, na kwa Kiingereza. Wengi hawalitarajii hili. Bima hailipii wema. Inalipia ujuzi ulioonekana katika maandishi. Ukiandika kwamba mgonjwa alivaa shati kwa msaada, mkaguzi atauliza kwa nini kazi hiyo isifanywe na CNA kwa nusu ya gharama. Inakubidi uandike kwamba alihitaji msaada kwa robo ya kazi, kwa mfano, kwa sababu hakuuona mkono wake wa kushoto. Kwamba ulimwelekeza kwa maneno mara ngapi. Kwamba wiki iliyopita alihitaji msaada kwa nusu. Viwango hivyo vina majina maalumu na asilimia zake: hadi 25, hadi 50, hadi 75. Anayeongea Kiingereza vizuri lakini hajazoea kukiandika ajiandae hapa mapema, hata kwa muhula mzima wa somo la uandishi, kabla hajaomba nafasi.

Njia yenyewe huanza na masomo ya awali: anatomia na fiziolojia, mara nyingi kwa mihula miwili, istilahi za kitabibu, saikolojia, makuzi ya binadamu na uandishi. Alama za anatomia ndizo zinazowachuja wengi, kwa kuwa nafasi darasani ni chache. Kabla ya kulipa hata ada ya maombi, mwombaji ahakikishe shule imethibitishwa na ACOTE, chombo kinachoidhinisha mafunzo ya taaluma hii. Asiyehitimu shule iliyothibitishwa hawezi kufanya mtihani wa taifa, na bila mtihani hakuna leseni. Vyuo binafsi vinavyotangaza sana huwa ghali mara kadhaa kuliko vyuo vya jamii, na cheti cha mwisho ni kilekile. Wakimbizi waliopokewa rasmi na wenye makazi ya kudumu wanaweza kuomba msaada wa serikali ya shirikisho; ruzuku ya Pell, ambayo hairudishwi, ilifika dola 7,395 kwa mwaka wa masomo 2024–25, na katika vyuo vingi vya jamii kiasi hicho hufunika ada. Mwenye viza ya mwanafunzi hana haki ya ruzuku hiyo.

Jambo la kando, lakini huwakumba wengi wetu: kabla ya kwenda mafunzo kazini mwanafunzi hupimwa kifua kikuu. Aliyechanjwa BCG utotoni, kama ilivyo kawaida Afrika Mashariki na Kongo, anaweza kuvimba kwenye kipimo cha ngozi bila kuwa na ugonjwa. Aombe kipimo cha damu, ambacho hakichanganywi na chanjo hiyo, na aombe mapema ili asikose tarehe yake.

Mafunzo kazini ndiyo kizingiti kinachoangusha watu wazima wenye familia. Sheria za uthibitisho zinadai angalau wiki 16 za kazi za muda wote mwishoni mwa masomo, kwa kawaida wiki nane mahali pamoja na nane mahali pengine, pengine makao ya wazee kisha shule au hospitali. Kwa kawaida hayalipwi. Mwanafunzi anakuwepo siku tano za juma, mchana, na chuo ndicho kinachopanga mahali, ambapo panaweza kuwa mwendo wa saa nzima kwa gari. Mama mwenye watoto watatu na kodi ya nyumba anaweza kufanya zamu za usiku za wikendi kwa miezi minne, na wapo wanaofanya hivyo, lakini uchovu wao huonekana wanapoandika taarifa na wanapomshika mgonjwa. Ushauri wangu ni kwamba fedha za wiki hizo 16 ziwekwe akiba kabla ya fedha za ada. Ada ina ruzuku na mkopo. Kodi ya nyumba na chakula cha wiki hizo havina mwenye kuvigharamia. Familia inayojua kuchanga kwa ajili ya harusi na misiba inaweza kukaa chini, miaka miwili kabla, na kuchangia hili.

Baada ya hapo ni mtihani wa taifa, unaotolewa na chombo kiitwacho NBCOT: ni wa saa nne, na alama ya kufaulu ni 450 kwenye kipimo cha kuanzia 300 hadi 600. Maswali hayaulizi sana majina ya misuli. Yanaeleza mgonjwa, mahali, na siku ya tiba, kisha yanauliza utafanya nini kwanza, huku majibu yote yakionekana ya busara. Anayesoma kwa kukariri huangukia hapo. Aliyefaulu huomba leseni ya jimbo lake, kwani majimbo yote 50 yanaidhibiti kazi hii, na kila jimbo lina masharti yake ya usimamizi na ya kuhuisha leseni.

Kazi zipo, ila soko lake linapaswa kutazamwa bila pazia. Hadi Septemba 2019, Medicare, bima ya serikali kwa wazee, ililipa vituo vya uuguzi kwa kuhesabu dakika za tiba. Dakika zikizidi, malipo yalizidi. Tangu Oktoba 1 mwaka huo malipo yanafuata hali ya mgonjwa. Kampuni nyingi zilipunguza wafanyakazi wa tiba mara tu mfumo ulipobadilika, na tangu wakati huo wasaidizi wengi wameajiriwa kwa saa zinazopanda na kushuka kulingana na idadi ya wagonjwa. Kisha tangu Januari 2022, kwa huduma za wagonjwa wa nje, Medicare inalipa asilimia 85 tu ya kiwango cha kawaida ikiwa tiba imetolewa na msaidizi. Nauona uamuzi huo kuwa wa dhuluma kwa watu wanaofanya sehemu kubwa ya kazi, lakini ndio sheria, na mwenye kupanga maisha aujue. Shule za serikali huwa na utulivu zaidi: zinafuata kalenda ya masomo, na sheria ya shirikisho inawapa watoto wenye ulemavu haki ya tiba wanayoihitaji ili wasome.

Wawili katika wasomaji wangu wafikiri upya kabla ya kujaza fomu. Wa kwanza ni yule anayetaka hatimaye kuwa mtaalamu kamili. Shahada ya miaka miwili ya msaidizi mara nyingi hutolewa kama shahada ya kazi, na masomo yake mengi hayahamishiki chuo kikuu. Njia za kuunganisha zipo, lakini ni chache. Aulize chuo, kwa maandishi, ni masomo yapi yatapokelewa na chuo kikuu kipi. Wa pili ni yule aliyesomea tiba kwa vitendo nyumbani, kama vile mhitimu wa KMTC Nairobi au wa KCMC Moshi, anayeambiwa na jamaa kwamba aanze tu na mtihani wa usaidizi kwa kuwa ni rahisi. Mtihani huo haumpokei aliyesoma nje. Uko wazi kwa wahitimu wa shule za usaidizi zilizothibitishwa na ACOTE peke yao. Mlango wake yeye ni wa mtaalamu: NBCOT huzipitia nyaraka zake na kulinganisha masomo yake na kiwango cha Marekani, ambacho ni cha juu ya shahada ya kwanza. Mwenye stashahada atakuta pengo la kusoma. Aombe kwanza nakala rasmi za matokeo, mihtasari ya masomo na barua ya saa za mafunzo kazini kutoka chuo chake, na aombe angali nyumbani, kwa sababu kuvifuatilia ukiwa Minneapolis huchukua miezi mingi.